Mama wa Sekunde Ishirini na Nne

Usiku ule wa Jumatano sikulala. Niliketi jikoni, simu mbele yangu, na kila ilipotikisika mezani niliruka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mara zote walikuwa ni kina mama wa timu kwenye kundi letu la WhatsApp. "Kuna habari?" "Bado." "Mwenyekiti alisema saa ngapi?" "Kabla ya saa sita." Kisha mmoja anatuma picha ya mikono inayoomba, na wenzake kumi wanaituma hiyo hiyo.

Tulikuwa tukingoja kamati ya mpira wa kikapu iamue mambo mawili. La kwanza, kama ushindi wetu wa nusu fainali utabaki au mechi itarudiwa. La pili, kama Damalie, mwanamke aliyeendesha saa ya mechi hiyo, alikuwa mwaminifu au alitupendelea. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu ushahidi walioupeleka wapinzani wetu ulikuwa hotpoti yangu ya bluu.

Binti yangu Natalie, ambaye ndiye mchezaji, alikuwa amelala tangu saa tatu. Alipoamka kunywa maji alinikuta pale pale.

"Mamma, gå och lägg dig," akasema. Anajibu kwa Kiswidi hata akiwa usingizini. Alitaka nikalale.

"Nitalala Damalie akilala."

"Anti Damalie yuko kazini mpaka asubuhi," akasema, bado kwa Kiswidi.

"Basi."

Akanibusu kichwani, akarudi kitandani, na dakika mbili hazikupita nikamsikia akikoroma. Mtoto wa miaka ishirini na mmoja, msimu wote umening'inia kwenye uzi, naye anakoroma! Hakuichukua roho hiyo kwangu.

Nimweleze Damalie kwanza, maana watu wa Hallunda, mtaa wetu wa Stockholm, wanamtaja kwa ajili ya msimu ule tu, na mtu hawezi kuwa msimu mmoja.

Anatoka Masaka, Uganda. Alikuja Stockholm kumfuata mumewe aliyekimbia siasa za kwao. Mume akahamia kusini kwa mwanamke mwingine, Damalie akabaki Hallunda na mwanawe Solomon, kwenye jengo linalotazamana na letu, ghorofa ya tatu. Kazi yake ni kusafisha vyumba vya upasuaji kwenye hospitali ya Flemingsberg, zamu ya usiku. Ni mfupi, anatembea haraka, na huwezi kumwona akiegemea kitu. Kiswahili alikijulia hapa hapa, kwetu. Anasema kwao kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi, akafika Sweden akakuta kumbe ni lugha ya chapati.

Solomon aliingia klabu ya mpira wa kikapu akiwa na miaka minane, mwaka ule ule alioingia Natalie wangu. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Hapa, watoto wakicheza, wazazi ndio wanaokaa mezani kando ya uwanja kwa zamu. Mmoja anaandika pointi, mmoja anaendesha saa kubwa, na mmoja ile saa ndogo ya sekunde ishirini na nne. Orodha inatumwa mwanzo wa msimu. Zamu yako ikiangukia siku ya kazi, hilo ni lako, tafuta mtu mbadilishane. Sasa sisi, Jumamosi na Jumapili ndizo siku zetu za kazi. Nani anafua, nani anapika, nani anaendesha basi? Tukaanza kumwendea Damalie mmoja mmoja, kwa sababu yeye alifanya kazi usiku na mchana alikuwa nyumbani. Kwamba mchana alipaswa kulala, hilo hatukulitazama sana.

Naye hakukataa. Aliniambia baadaye, "Kwetu, mtu akikuomba jambo akiwa amesimama mlangoni pako, ukikataa ni kama umemfukuza."

Tulikuwa na aibu kidogo, kwa hiyo tukajiwekea sheria. Mama ambaye zamu yake imechukuliwa na Damalie atamletea chakula wakati wa mapumziko, pale pale mezani, kingali moto. Muthoni alileta githeri. Brigitha alileta samaki wa kukaanga mpaka ukumbi mzima ukanuka. Mimi nilileta chapati na ndengu ndani ya hotpoti yangu ya bluu. Na hotpoti haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na kabalagala, vile vitumbua vidogo vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, vimepangwa kama sarafu.

Solomon aliacha mpira akiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ni fundi umeme, anakaa Farsta, na hajui hata timu iko nafasi ya ngapi. Mama yake akabaki mezani.

"Mtoto ameacha," nilimwambia, "wewe bado unafanya nini pale?"

"Saa haijaacha," akajibu.

Aliipenda ile saa ndogo. Sheria yake ni rahisi, na nimeijua kwa kukaa nyuma ya Damalie miaka mingi. Timu yenye mpira ina sekunde ishirini na nne za kutupa mpira na kugusa chuma cha kikapu. Mpira ukigusa chuma, yule wa mezani anairudisha saa nyuma. Usipogusa, saa inaendelea kula. Mambo yote ni ya kidole kimoja na macho mawili. Damalie alifanya mazoezi nyumbani mbele ya televisheni, rimoti mkononi, akibonyeza kila mpira uliogusa chuma. Solomon alimcheka akasema mama yake anacheza na timu za Amerika. Mtihani wa kibali cha kuendesha saa ulikuwa wa Kiswidi kitupu. Alianguka mara mbili. Mara ya tatu alipita bila kosa hata moja, akarudi akanionyesha karatasi, na shati jeusi alilopewa akalipiga pasi kila wiki kama la kanisani.

Mezani hakutabasamu. Hakushangilia. Sisi nyuma yake tunapiga vigelegele mpaka koo zinakauka, yeye yuko kimya kama ukuta, anatazama mpira na chuma, mpira na chuma. Mara nyingi mechi ikiisha aligeuka akaniuliza, "Nani ameshinda?"

Basi msimu ule. Klabu yetu inaitwa Tranorna, maana yake korongo, na Damalie alifurahi sana kwa sababu korongo ni ndege wa bendera ya kwao. Wasichana wetu walipanda hadi ligi ya juu kabisa, ligi ya wachezaji wa kulipwa. Klabu ya Hallunda, yenye ukumbi unaovuja kona moja! Natalie akatia saini mkataba kwenye meza yangu ya jikoni, na mimi nikamwambia aandike polepole. Wenye kujua walisema tutashuka kabla ya Krismasi. Mechi sita za kwanza tulifungwa tano, nami nikaona kweli, tunashuka. Halafu sijui nini kiliwaingia wale watoto. Wakashinda moja, wakashinda ya pili, wakashinda kumi na nne mfululizo! Watu waliokuwa hawajawahi kupanda treni ya kuja kwetu wakajaa ukumbini. Mwenyekiti wetu Jimmy, Mkongo wa Bukavu, alituambia tangu ligi ianze hakuna timu iliyopanda mwaka huo huo ikafika fainali. Alikuwa akilia akisema hivyo, na hata nusu fainali ilikuwa bado.

Nusu fainali tulicheza na timu kubwa ya mjini, yenye vikombe vingi. Mechi ya kuamua ilikuwa nyumbani kwetu. Wakati wa mapumziko nilifanya nilivyofanya siku zote. Nilipita mbele ya kamera zote na hotpoti yangu, nikaiweka karibu na kiwiko cha Damalie, juu ya kitambaa chenye matangazo.

"Kula zingali moto, Mama Solomon."

Akafunua, akanusa, akafunika. "Baadaye. Chapati ina mafuta, kidole kisije kikateleza."

Sikufikiri kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kitu.

Kipindi cha mwisho siwezi kukisimulia nikiwa nimekaa. Zilibaki sekunde thelathini na moja, tunaongoza kwa pointi moja, na mpira ni wao. Wakauzungusha, wakauzungusha, mchezaji wao mmoja mrefu akatupa. Mpira ukagonga ubao, ukashuka karibu kabisa na chuma, wakaudaka tena wao wenyewe. Nilimtazama Damalie. Kidole hakikusogea. Saa ndogo ikaendelea, tatu, mbili, moja, na king'ora kikalia mpira ungali mikononi mwa yule mrefu. Akautupa hata hivyo, ukaingia! Wao wakarukaruka, sisi tukarukaruka, kila upande ukidhani umeshinda. Refa akapunga mikono. Kikapu hakihesabiwi, muda wao ulikuwa umekwisha. Zilibaki sekunde saba, Natalie akaukumbatia mpira kama mtoto mchanga mpaka mwisho, na ukumbi ukapasuka.

Tulikuwa fainali. Korongo wa Hallunda, fainali!

Nilirudi nyumbani na Damalie kwa miguu, kama kawaida. Mimi nilikuwa natembea huku naruka. Na katika furaha ile nikafungua mdomo.

"Unajua, Mama Solomon, mimi pale nilipokuwa niliona kama iligusa chuma. Kidogo tu."

Akasimama. Theluji ya mwisho ilikuwa kando ya njia, nyeusi kama mkaa.

"Haikugusa."

"Sisemi kwa ubaya. Nasema nashukuru ulivyo..."

"Nilivyo nini?"

Neno lilikuwa limeshafika menoni, *ulivyotusaidia*, naye akaliona.

"Mama Natalie," akasema, "miaka kumi na mitatu umekaa nyuma yangu. Umewahi kuniona nikimpa mtu sekunde?"

Akaenda zake, na hotpoti yangu mkononi.

Siku mbili baadaye wale wa timu kubwa wakapeleka malalamiko. Walisema mpira uligusa chuma na saa ilipaswa kurudishwa nyuma. Wakasema pia filamu inaonyesha mama wa mchezaji akimpa mwendesha saa zawadi katikati ya mechi. Jimmy alituma barua yao kwenye kundi. Nikasoma maneno "chombo cha bluu" mara nyingi mpaka yakaanza kunitembea machoni. Nikampigia Damalie. Hakupokea.

Ndiyo maana usiku ule nilikuwa jikoni. Saa tano na dakika arobaini simu ikalia, Jimmy mwenyewe.

"Mama Natalie! Tumeshinda, mama! Mechi inabakia!" Nyuma yake nilisikia mkewe Annick akipiga kelele kwa Kifaransa. "Wameangalia filamu ya upande ule mwingine. Mpira haikugusa chuma hata kidogo. Kuna nafasi ya vidole viwili, inaonekana kabisa!"

Nikakaa sakafuni. Vidole viwili.

"Na Damalie?"

Jimmy akashusha sauti. "Saa yake ilikuwa sawa, wameandika hivyo. Lakini ile chakula... Wanasema alipokea kitu kwa mzazi wa mchezaji, juu ya meza, mechi haijaisha. Haruhusiwi kukaa mezani mpaka msimu uishe."

"Ni chapati, Jimmy!"

"Niliwaeleza, mama. Niliwaandikia hadi namna mnazipika."

Asubuhi, kabla sijaenda kazini kwenye jiko la shule ya chekechea, nilipanda basi hadi Flemingsberg nikasimama mlangoni pa hospitali. Wauguzi walitoka, wanafunzi wakaingia na vikombe vyao vya kahawa, kisha Damalie akatoka, macho mekundu ya usiku. Nilimrukia.

"Umesafishwa! Wameona haikugusa! Vidole viwili, Mama Solomon!"

"Wameona kwenye filamu," akasema.

"Ndiyo! Filamu ya upande wa pili!"

"Na wewe ulikuwa unangoja filamu."

Nikamweleza basi na lile jingine, kwamba fainali hatakaa mezani, na kwamba kosa ni langu, nitaiandikia kamati, nitasimama mbele yao nikiwa na hotpoti ikiwa wataka. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga zipu ya koti.

"Chapati si kosa lako peke yako. Nilijua sheria, nikaona haya kukurudishia chakula mbele ya watu. Hiyo nitaibeba." Basi likaja. Akaingia, akakaa kiti cha mbele, mkoba wake akauweka kwenye kiti cha pili ili mtu asikae. Mimi ndiye mtu mwenyewe.

Fainali ilikuwa ya mechi tano, na timu kutoka kaskazini. Mbili za kwanza wakatufunga. Mbili zilizofuata tukawafunga. Ya tano ikaangukia Hallunda, Jumapili, saa kumi jioni. Kati ya hizo nilikwenda kubisha kwa Damalie mara tatu. Nilipanda ghorofa ya tatu, nikabonyeza kengele, nikaita. Mara moja nilisikia televisheni ikizimwa ndani. Mlango haukufunguliwa. Hotpoti haikurudi, na kwetu sote hapa hilo linasema zaidi ya barua.

Jumapili nikampelekea ujumbe. "Nimekushikia kiti pembeni yangu." Akajibu, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Mtu aliyeondolewa mezani haendi kukaa sebuleni."

Nikaweka koti langu kwenye kile kiti hata hivyo.

Jamani, mechi ile! Watu walikaa hadi kwenye ngazi. Wale wa kaskazini walikuwa warefu kama milango, na mmoja wao alitutupia pointi tatu, tatu, tatu, kama anayerusha maganda. Tulikuwa nyuma kwa kumi na moja. Saa ndogo ilikuwa mikononi mwa bwana mmoja mpole mwenye miwani, ametoka mji mwingine. Mara ya kwanza mpira ukagusa chuma yeye akasahau kuirudisha saa, refa akapuliza filimbi, mchezo ukasimama wakarekebisha. Mara ya pili akairudisha bila mpira kugusa kitu. Watu wakaanza kunung'unika. Muthoni akasimama juu ya benchi, mwili wake wote ule, akapaza sauti:

"Da-ma-lie!"

Na makofi matatu. Brigitha akaitikia. Kisha ule upande wetu wote. Halafu wazee wa Kiswidi waliokuwa wakija toka tulipokuwa ligi ya chini, wanaomjua kwa shati lake lililopigwa pasi, nao wakajiunga. "Da-ma-lie!" Pa, pa, pa. Ukumbi mzima ukawa unaita jina la mwanamke wa kusafisha vyumba vya upasuaji, na yule bwana wa miwani naye akacheka, masikini, akapangusa jasho. Mimi nilitazama mlango wa ukumbi. Kila ulipofunguka nilinyanyuka kitini. Alikuwa mtu wa soseji, au mtoto anayetoka chooni.

Lakini wasichana wetu waliposikia ule wimbo wa makofi waliamka. Tukapunguza, kumi na moja ikawa sita, sita ikawa mbili. Zikabaki sekunde tisa, pointi ni sawa kwa sawa, mpira wetu. Kocha akachora, sijui alichora nini. Nilichoona ni Natalie akipenya katikati ya wale warefu, mdogo, suka zinapepea, akautupa juu ya mikono yao. Mpira huo uligusa chuma kila mahali, mbele, nyuma, pembeni, ukazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nilifunga macho. Mume wangu Cliff alinikamata bega akaniumiza. Na nikasikia wavu.

Siwezi kusema kilichofuata kwa mpangilio. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Jimmy alipiga magoti katikati ya uwanja. Muthoni alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkatika, akaendelea bila sauti, mdomo wazi tu. Mabingwa! Mwaka wa kwanza!

Wasichana wakaleta ngazi wakate wavu, ndivyo wanavyofanya mabingwa, kila mmoja anachukua kipande. Natalie alikata cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, akanijia nacho, kikining'inia kama wavu wa vitunguu.

"Mpelekee anti Damalie," akasema, na safari hii alisema Kiswahili. "Ni kikapu kile kile, Mama. Kile cha nusu fainali."

Nilitoka kabla ya kombe. Jua la Mei lilikuwa bado juu, watu madirishani walipiga kelele na kupunga bendera, gari zilipiga honi kuzunguka duka kubwa lote. Nilikimbia, mimi mwenye magoti haya. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikabonyeza kengele.

Kimya.

"Mama Solomon, ni mimi."

Hakufungua, lakini nilijua yupo nyuma ya mlango, kwa sababu mwanga wa kile kitundu cha kuchungulia ulizimika.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yakapotea yote. Nikaushika wavu mbele ya kitundu aone.

"Haikugusa," nikasema. "Nilipaswa kujua bila filamu. Nilikaa nyuma yako miaka kumi na mitatu nikatazama mwanangu, sikukutazama wewe."

Huko nje honi zililia. Ndani sikusikia hatua.

Kisha sauti yake, karibu kabisa na ubao wa mlango: "Yule bwana wa miwani alikosea mara mbili."

"Tatu," nikasema. "Robo ya mwisho pia, refa hakuona."

"Robo ya mwisho alichelewa sekunde moja na nusu. Umeiona hiyo?"

"Niliiona. Kwa macho."

Mnyororo ukavutwa. Kufuli ikageuka mara moja, ikageuka mara ya pili, na mlango ukafunguka wote, mpaka ukagonga ukuta. Damalie alisimama pale amevaa shati lake jeusi la mezani, limepigwa pasi, rimoti katika mkono wa kulia na kidole gumba kingali juu ya kitufe. Mkono wa kushoto alikuwa amekumbatia hotpoti yangu, na kabalagala zilinukia hadi kwenye ngazi. Aliutazama wavu. Akafungua mdomo, na mwanamke yule ambaye hatukuwahi kumsikia mezani hata siku moja akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichopanda ghorofa zote saba na kurudi.